Nani Alishona Ile Baga?

Wasee, leo tunaongea kuhusu mito. Si Tana wala Athi. Mito ya kuegemea kwa kochi, na hasa ile iliyoshonwa ikafanana na chakula: chapati, donati, kipande cha pizza, samosa yenye macho na tabasamu. Ukishinda mtandaoni kama mimi, lazima umeiona. Pengine unayo mmoja kitandani sasa hivi.

Mimi na Anti yangu huwa tunaishona nyumbani. Mimi nachora, nakata na kujaza. Yeye yuko kwa cherehani. Halafu napiga picha na kuposti. Na kila nikiposti, hakosi mtu wa kuandika kitu kama, "Huu ni utoto wa TikTok, mwaka ujao hakuna mtu ataukumbuka."

Sawa, labda mwaka ujao mtakuwa mmehamia kitu kingine. Lakini chakula cha kitambaa kilikuwepo kabla ya TikTok, kabla ya intaneti, kabla shosho yako hajazaliwa. Nimekuwa nikifuatilia hiyo historia, na kadiri ninavyozidi kuingia ndani, kuna swali linanisumbua. Mwenye wazo tunamjua. Mnunuzi tunamjua. Mbona ni ngumu hivyo kumjua aliyeshona?

Ilianza na nyanya

Twende kwanza Uingereza na Marekani, karne ya 19, enzi za Malkia Victoria. Wakati huo kushona hakukuwa hobi ya wikendi. Ilikuwa kazi ya kila siku nyumbani, na sindano zilihitaji pahali pa kukaa zisipotee wala kumchoma mtoto. Ndipo kila mshonaji akawa na mto mdogo wa kuchomekea pini. Na mojawapo ya maumbo yaliyopendwa sana ni nyanya.

Kitambaa chekundu, kimejazwa kikabana kabisa, mara nyingi kwa unga wa mbao. Uzi wa kijani unapitishwa katikati na kuvutwa pande zote hadi mto unagawanyika vipande kama nyanya yenyewe. Halafu pembeni inaning'inia stroberi ndogo. Hiyo stroberi si pambo. Ndani yake kuna unga mkali kama wa msasa. Sindano ikishika kutu au ikiwa butu, unaidunga humo mara kadhaa inatoka safi na imenoleka. Yaani watu walishona chakula cha kitambaa kikawa kifaa cha kazi, tena chenye akili.

Hadi leo zile nyanya zinatengenezwa. Pengine umeiona moja kwa meza ya fundi na hukujiuliza kwa nini ni nyanya.

Walioshona za zamani ni wanawake wengi sana, kila mmoja kwake. Zilizobaki ziko kwa makabati ya makumbusho na kwa minada ya vitu vya kale. Utasoma pale nchi, kipindi, aina ya kitambaa. Jina la mshonaji mara nyingi halipo.

Tembo mwenye kifungo sikioni

Kuna mshonaji mmoja ambaye jina lake halikupotea, na yeye pia alianza na mto wa pini. Anaitwa Margarete Steiff, alizaliwa mwaka 1847 huko Giengen, Ujerumani. Alipata polio akiwa mdogo, miguu ikapooza, akawa wa kiti cha magurudumu. Hata mkono wake wa kulia ulikuwa unamsumbua. Lakini alijifunza kushona, na akawa fundi wa kutegemewa mjini kwao.

Mwisho wa mwaka 1879 jarida moja la mitindo lilichapisha pateni ya tembo mdogo wa kitambaa. Margarete akamshona kama mto wa pini, akawapa watu wake. Watoto wa hizo nyumba hawakujali pini. Walimnyakua tembo wakaenda kucheza naye. Kufikia 1880 alikuwa ameanza kuwauza, na kutoka hapo ikakua kampuni ya vichezeo ambayo iko hadi leo.

Watu walipoanza kuiga bidhaa zao, mwaka 1904 kampuni ilianza kuweka kifungo kidogo cha chuma kwenye sikio la kila mnyama. Kifungo hicho kilimwambia mnunuzi: hii imetoka kwa Steiff, si kwa mwingine. Ujanja sana. Lakini kumbuka pia, kufikia wakati huo Margarete hakuwa akishona peke yake. Kulikuwa na wanawake wengi wakishona vipande kiwandani na wengine majumbani mwao. Majina yao hayakuingia kwa kile kifungo.

New York, 1962

Sasa hapa ndipo stori inapoingia kwa chakula kikubwa.

Kulikuwa na msanii anaitwa Claes Oldenburg, mzaliwa wa Stockholm, Sweden, aliyekulia Marekani. Desemba 1961 alifungua "duka" kwenye chumba kimoja mtaani East 2nd Street, New York. Ndani yake hakukuwa na bidhaa za kawaida. Aliuza vyakula na nguo alivyotengeneza kwa kitambaa kilicholoweshwa plasta na kupakwa rangi. Vilikuwa vigumu kama ukuta.

Mwaka uliofuata akapewa nafasi ya kuonyesha kazi zake kwenye Green Gallery, ukumbi wa sanaa wa hapo hapo New York. Ukumbi ulikuwa mkubwa, na vile vyakula vidogo vingemezwa na nafasi. Kwa hivyo akaamua kutengeneza vyakula vikubwa, tena laini, vya kukaa sakafuni. Septemba 1962 watu waliingia wakakuta baga yenye upana wa zaidi ya mita 2 na kimo cha zaidi ya mita 1.3. Kando yake kipande cha keki chenye urefu wa karibu mita 3, na koni ya aiskrimu ndefu kupita hiyo keki. Vyote vya turubai, vimejazwa sponji na maboksi ya kadibodi, juu vikapakwa rangi.

Toa rangi, toa bei, toa ukumbi. Kilichobaki ni nini? Mto. Mto mkubwa wa umbo la baga, umejazwa chochote kilichopatikana. Ukijaza mto wako na vipande vya mtumba kwa sababu faiba ni ghali, uko kwa njia ile ile.

Basi nani alishona? Mke wake. Anaitwa Patty Mucha, wakati huo akijulikana kama Patty Oldenburg. Yeye mwenyewe alikuwa msanii, na aliigiza katika maonyesho ya moja kwa moja ambayo mumewe aliyaandaa miaka hiyo. Ile baga, ile keki, ile koni, mishono ni yake. Mwaka 1963 Oldenburg alipohamia vinyli na kutengeneza sandwichi kubwa ya nyama, letusi na nyanya, Patty bado alikuwa ndiye wa cherehani. Kama umewahi kushona kitu kama ngozi ya bandia unajua shida yake: sindano ikitoboa, lile tundu halifutiki. Ukikosea mshono umeharibu kitambaa.

Hii haikuwa siri. Oldenburg hakusema alishona yeye, na Patty mwenyewe baadaye aliandika kuhusu miaka yake ya kushona. Ndoa yao iliisha mwaka 1970. Lakini ukisoma kibao cha makumbusho, na ukisoma vitabu vingi vya sanaa, jina la msanii ni moja.

Na kuna jina lingine kwenye ukumbi huo huo. Mwaka 1962, kabla ya zile baga, msanii wa kike kutoka Japani, Yayoi Kusama, alionyesha pale kiti alichokifunika chote kwa vipande vya kitambaa alivyoshona na kujaza mwenyewe, mamia ya vidole laini vimeota kila pahali. Leo Kusama anajulikana dunia nzima kwa maboga yake yenye madoa. Amesema kwa miaka mingi kwamba Oldenburg aliona kazi yake kwanza, ndipo akaingia kwa kushona. Wanahistoria wengine wanamuunga mkono, wengine wanasema mawazo yalikuwa hewani. Mimi naona tu kwamba kwenye huo mjadala wote kulikuwa na wanawake wawili wenye sindano, na mwanamume mmoja aliyepata sifa ya kuvumbua sanaa laini.

Chupa ya kechapu barabarani

Mwaka 1967 makumbusho ya sanaa ya Toronto, Kanada, yaliinunua ile baga. Watu wakachemka. Wanafunzi wa sanaa waliandamana nje wakiwa wamebeba chupa kubwa ya kechapu waliyoitengeneza wenyewe, wakataka nayo iingizwe ndani ikae karibu na baga yake. Hiyo ni trolling kabla ya neno lenyewe kuzaliwa, na bado naipenda.

Lakini angalia walikuwa wanabishania nini. Je, baga inaweza kuwa sanaa? Je, pesa ya umma inunue mto? Maswali mazuri. Hakuna aliyeandamana kuuliza ni nani alikaa kwa cherehani akaunganisha turubai ya mita mbili ikaja kukaa kama mkate.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Wazo ndilo muhimu. Fundi anafuata tu maagizo." Hebu nikujibu kwa chapati.

Chapati si duara

Siku ya kwanza ya kutengeneza mto wa chapati, wazo lilikuwa langu. Nilichora duara. Hiyo tu. Duara mbili za sentimita 43, ukiondoa pindo ya sentimita 1.5 kila upande unabaki na mto wa sentimita 40. Unaweka vitambaa uso kwa uso, unashona mzunguko, unaacha nafasi ya sentimita 12 hivi ya kugeuzia. Unageuza, unajaza faiba, unafunga kwa mkono. Kwa karatasi hiyo ni chapati.

Anti aliangalia mchoro wangu akasema, "Hii ukijaza itakuwa mpira."

Na ni ukweli. Duara mbili zikijazwa zinavimba katikati. Chapati hailali hivyo. Yeye ndiye aliamua tutoboe sehemu tano katikati kwa sindano ndefu, uzi upite juu hadi chini, uvutwe kidogo na kufungwa, ili mto ukae bapa na uwe na vile vibonde ambavyo chapati halisi huwa navyo. Hiyo ni mbinu ile ile ya nyanya ya enzi za Victoria, na Anti hajawahi kusoma kuhusu hiyo nyanya. Mikono yake ndiyo ilijua.

Yeye pia ndiye aliniambia kabla ya kugeuza nikate vijipasuo kwenye pindo kuzunguka, kila sentimita 2, bila kugusa mshono. Usipofanya hivyo, ukingo unajikunja na duara inatoka na kona kona. Yeye aliamua yale madoa ya kahawia yashonwe juu ya kitambaa kimoja kwanza, kabla ya kuunganisha, kwa sababu ukishajaza mto cherehani haiwezi kuingia. Na yeye alikataa madoa yangu yaliyopangwa vizuri. "Wapi uliona chapati imeungua kwa mistari?"

Kwa hivyo nani alitengeneza mto wa chapati? Mimi nilisema "chapati." Yeye alijibu maswali mengine yote. Ukitaka kujua kama kushona ni kufikiri, chukua mchoro wa Oldenburg wa baga, nenda kwa fundi, umwambie, "Nifanyie hii kwa turubai, mita mbili, ijae sponji na isianguke." Halafu uone ni nani ataanza kufikiri.

Hii ni historia yetu pia

Usidhani haya ni mambo ya wazungu tu. Fikiria kile kigoda cha kichwa cha Waturkana, ekicholong. Mbao iliyochongwa, mtu anakalia mchana, usiku analazia kichwa. Huo ulikuwa mto kabla faiba haijafika. Viko vingi kwenye makumbusho ya Ulaya, na mara nyingi kibao kinasema tu: Turkana, mbao. Kabila limeandikwa, aliyechonga hapana. Kana kwamba jamii nzima ilishika kisu kimoja.

Pwani nako, miti ya misufi ilitoa usufi wa kujaza magodoro na mito. Kuna watu walichambua ule usufi, wakatoa mbegu, wakashona foronya. Na huku kwetu bara, nani hajakulia kwa sebule yenye vitambaa vya kufuma kwa kila kochi, kwa meza, hadi juu ya televisheni? Vitambaa ambavyo huruhusiwi kugusa hadi wageni waje. Vilifumwa na mtu. Muulize mama yako jina lake. Kuna uwezekano mkubwa atakwambia "ni mama fulani wa kanisani" na hapo stori iishe.

Sasa linganisha na muziki wetu. Nyimbo za miaka ya 2000, hata wewe uliyezaliwa baadaye unajua majina ya Ogopa na Calif. Kwa nini? Kwa sababu waliotengeneza biti walihakikisha jina linatajwa ndani ya wimbo wenyewe. Huwezi kucheza ngoma bila kusikia imetoka wapi. Filamu nayo ikiisha, inaandika hadi jina la dereva. Hakuna mtu amewahi kusema kwamba kumtaja dereva kunampunguzia dairekta heshima.

Fundi wa nguo ndiye hana hiyo sekunde yake. Unavaa suti ya harusi, watu wanauliza umenunua kitambaa wapi.

Bei ya jina

Kila mto wetu una kile kitambaa kidogo kwenye pindo, chenye majina mawili, la Anti kwanza. Kuna duka moja la mapambo, sitalitaja, liliagiza mito 30 ya samosa. Sharti lao: tutoe majina yetu, waweke nembo yao peke yake. Mimi nilikuwa tayari kukubali. Mito 30 ni pesa.

Anti alinyamaza kidogo, akasema, "Waambie bei yenye majina ni hiyo wanaijua. Isiyo na majina iko juu zaidi. Jina langu sitoi bure."

Niliwaandikia hivyo, kwa heshima. Walikaa siku tatu, wakajibu wamepata mtu mwingine.

Sitawadanganya kwamba baadaye kuna mtu mkubwa alituona tukabarikiwa mara mbili. Oda ilienda. Hiyo wiki tulikula sukuma mfululizo, na kodi ya Anti ikalipwa kwa vipande. Nilimuuliza kama angefanya tofauti. Akaniambia ameshona sare za shule, magauni ya harusi na mapazia ya watu kwa miaka zaidi ya ishirini, na hakuna hata kipande kimoja mtu anaweza kukigeuza na kuona kwamba ni yeye. "Sasa hii samosa," akasema, "angalau hii."

Mimi sina jibu la kila kitu. Kuna siku fundi anahitaji pesa kuliko jina, na hiyo ni haki yake kuamua. Shida yangu ni pale ambapo hata haulizwi.

Kwa hivyo ukishona mto wako wa pizza wikendi hii, andika jina lako na mwaka kwa kipande cha utepe, ukishone ndani ya pindo kabla ya kufunga. Kama fundi ndiye ameshona, muulize anataka aandikwe vipi, halafu umtagi kwa posti, si kwa stori inayopotea baada ya siku moja. Ni mshono wa sentimita tatu.

Na wewe unayesoma hii ukiwa umeegemea kochi: huo mto ulio nyuma yako, au kile kitambaa kilicho juu yake, nani alishona? Kama hujui, nenda uulize leo, kabla anayejua hajasahau. Halafu rudi uandike jina lake hapo kwa komenti. Nitayasoma yote.